Mashine ya Chuma ya Mwanarehema

Watu wa Mtongwe wakitaka kukuzika ungali hai, hawahangaiki na kaburi. Hukwambia tu, "Pumzika, bibiye." Ndivyo walivyomwambia Mwanarehema mwaka ule vita vilipokwisha, alipoteleza kwenye ngazi za gati na bega lake la kulia likatoka mahali pake. Mganga wa mifupa alilirudisha, lakini mkono wenyewe ukakataa katakata kupanda juu ya sikio. Sasa mwanamke anayeponda kahawa kwa kinu na mchi, mkono usipopanda, atafanya nini? "Pumzika," wakasema. Apumzike ale nini, hilo hakuna aliyelisema.

Kahawa ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mumewe Mbarak alipokuwa hai, Mwanarehema alikaanga buni na kuiponda, na Mbarak akapeleka kwa wateja. Mbarak alipofariki, mama huyu alikaa eda yake mpaka ikaisha, akatoka, akajifunga leso kiunoni, akapeleka mwenyewe. Wateja wake wakubwa walikuwa watatu, na hakuna wawili kati yao waliokunywa kahawa ya namna moja.

Kulikuwa na barza ya msikitini, wazee wa kahawa chungu. Hao walitaka buni iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, ikapondwa ikawa vumbi, na tangawizi kavu ndani yake ya kutosha kumtoa mtu machozi. Kulikuwa na Sheikh Awadh, mwenye duka la nguo Likoni. Kwake hunywewa kahawa ya Kiarabu: buni ipigwe moto kidogo tu, ivunjwe chengachenga, ichemshwe na iliki, iachwe itulie mpaka uone chini ya finjani. Ukimpelekea vumbi, kahawa yake huchafuka kama maji ya mtaro, naye hukurudishia bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. Halafu kulikuwa na Gershom, mpishi wa mesi ya mabaharia wa Kizungu pale pale Mtongwe. Yeye alikuwa na birika refu lenye kikapu cha bati ndani, kina vitundu. Maji yakichemka hupanda juu na kushukia kwenye kahawa. Yake ilitakiwa ya katikati. Ikiwa laini hupenya vitunduni na kuwajazia wakubwa matope vikombeni. Ikiwa kubwa, maji hupita na kutoka yalivyoingia.

Kazi yote hiyo Mwanarehema aliifanya kwa kinu kimoja na chekeche mbili, na kwa mkono uliojua wakati wa kuacha. Bega lilipoharibika alimlipa jirani yake Sidi amsaidie kuponda. Sidi ni mtu mwema, sina neno naye, lakini ana mkono wa kisamvu: huponda mpaka adui asalimu amri. Kwa muda mfupi barza ikahamia kwa muuzaji mwingine, Sheikh Awadh akarudisha kifurushi kimya kimya, na Gershom akaja mlangoni akiwa mnyonge.

"Bi Mwanarehema," alisema, "mimi nakuheshimu. Lakini jana nilisimamishwa jikoni kama mwizi kwa sababu ya matope. Nitafukuzwa."

"Nipe muda, Gershom."

"Muda ninao mdogo, mama."

Habari hizi hazikuchelewa kumfikia Salem. Salem alikuwa kaka wa marehemu Mbarak, anakaa Mishomoroni, na nyumba aliyokaa Mwanarehema ilikuwa mali yake. Si mtu mbaya, tumpe haki yake. Ni mtu wa kupenda kila kitu kiwe kwenye kapu moja, na kapu lile liwe mkononi mwake. Akaja, akaketi, akanywa maji, akatamka.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma. Mwezi ukiandama na wateja hawa hawajarudi, nyumba hii nampangisha karani wa reli, nimeshazungumza naye. Wewe utakuja kwangu Mishomoroni ukae na wanawake wenzio. Utakula, utavaa. Utakosa nini?"

Mwanarehema aliijua nyumba ya Mishomoroni. Wake wawili, watoto hawahesabiki, na chumba cha uani alichokaa shangazi yake Salem mpaka akafa akiomba ruhusa ya kwenda kununua tambuu. Aliogopa. Nasema aliogopa hasa, maana alijua akishaingia chumba kile hatatoka tena ila kwa jeneza. Lakini hakulia mbele ya Salem.

"Mwezi haujaandama," akamjibu. "Ukiandama, njoo."

Gershom ndiye aliyemletea habari ya mashine. Changamwe, alisema, kuna mtu aitwaye Tsofa aliyenunua vitu kwenye mnada wa kambi ya jeshi: masufuria, vitanda vya turubai, taa, na mashine za mkono za kusagia kahawa. Mwanarehema hakulala juu ya habari hiyo. Aliuza bangili zake za dhahabu, zote, wala hakuzitazama zilipokuwa zinapimwa. Kisha akakaanga buni aina tatu: hafifu ya Sheikh, ya wastani ya mesi, nyeusi ya barza. Akazifunga kila moja kwenye pembe yake ya leso.

Salem aliposikia akasema mjane wa ndugu yake haendi Changamwe peke yake kama asiye na watu. Wakavuka pamoja.

Tsofa alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Akazipanga mashine tatu juu ya meza.

"Chagua, mama! Hii ya mbao ni ya nyumba za wakubwa. Hii ya shaba, tazama nakshi hii, Waarabu na Waturuki hawana nyingine. Na hii..." Akaigusa ya tatu kidogo, kama anayemtambulisha mkwe asiyempenda. "Hii ni ya chuma. Hufungwa mezani kwa skrubu. Bei yake ndiyo kubwa kushinda zote, usiniulize kwa nini, ndivyo nilivyoinunua."

Ya chuma ilikuwa na sura mbaya, wallahi. Rangi imebambuka, na kile kishikio cha mti cha kwenye mkono wake hakipo, umebaki msumari mtupu.

"Ya shaba," akasema Salem papo hapo. "Yapendeza. Hata mgeni akiingia ataona kitu."

"Shemeji, mgeni hatakunywa nakshi," akasema Mwanarehema. Akaifungua leso yake. "Bwana Tsofa, nataka kuzijaribu."

"Kujaribu? Mama, hizi nauza, siazimi. Ukishatia kahawa yako, zimekuwa kuukuu."

"Za mnada wa jeshi, na ziwe mpya?"

"Kwangu ni mpya."

"Basi nitangoja." Akaketi kwenye kizingiti cha duka, katikati kabisa, akapanga miguu yake. Kila aliyetaka kuingia ilibidi amruke, na nani atamruka mama wa watu? Mteja wa kwanza akasalimia akaenda zake. Wa pili akasimama nje, akauliza kuna msiba gani. Salem aibu ikamjaa, akajitia kutazama vitanda vya turubai. Tsofa akajaribu kucheka, akajaribu kununa, mwishowe akasema, "Haya, mama, haya! Jaribu. Lakini kidogo!"

Akaanza na ya mbao. Kabla ya kutia kitu aliushika mkono wa mashine akautikisa ubavuni, nao ukacheza kama jino bovu. Hilo lilimpa shaka. Akatia kahawa ya mesi, akasaga, akavuta kidroo cha chini, akamimina unga juu ya leso nyeupe, akautandaza kwa kidole. Vumbi na kokoto, vyote pamoja. Akatia buni hafifu ya Sheikh, ambayo ni ngumu kwa kuwa moto haujailegeza. Mashine ikaguna, ikakwama.

"Hii ingefaa nyumba ya mtu anayekunywa peke yake na asiyejali," akasema. "Iweke."

Ya shaba ilikuwa nyembamba, ya kushikwa mkononi. Akatia kahawa nyeusi ya barza. Jamani, unga uliotoka! Laini, baridi, unateleza baina ya vidole. Salem akafurahi kana kwamba ameisaga mwenyewe. "Si nilikwambia?"

"Ni kweli," akasema Mwanarehema, "kwa vumbi haina mpinzani." Akageuza kikaza chake ili itoe chenga za Sheikh. Ikalegea. Ikatoa punje zilizovunjika nusu na nyingine nzima kabisa. Tena kuishika tu kulimtaka aibane kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine, na bega likaanza kumchoma. Na tumbo lake lilikuwa dogo: kujaza mahitaji ya barza peke yake angesaga tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Aliirudisha mezani kwa masikitiko, maana hata yeye ilimpendeza.

Ya chuma wakaifunga kwenye ukingo wa meza. Akautikisa mkono wake. Haukucheza hata kidogo. Akaukamata ule msumari kwa pembe ya leso, akazungusha, na hapo akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: mkono wa mashine ulizunguka usawa wa kiuno. Bega halikuwa na kazi ya kupanda popote. Kiwiko ndicho kilichofanya kazi, na kiwiko chake kilikuwa kizima. Moyo ulimruka, lakini hakuonyesha, kwa sababu Tsofa alikuwa anamtazama uso.

Akatia buni hafifu, skrubu ya kukazia meno ameilegeza. Zikatoka chenga sawasawa, punje na mwenzake. Akakaza kidogo, akatia ya mesi. Akakaza sana, akatia nyeusi. Kila unga akautandaza kwenye leso, akaupuliza aone kama kuna vumbi litakaloruka, akausugua, akaulamba. Ile nyeusi haikuwa laini kama ya shaba, ilikaribia. Alizirudia zote mara nyingine tena, Tsofa akiapa kwamba hajapata kuona mteja kama huyu tangu azaliwe.

"Nachukua hii ya chuma."

"Shemeji!" Salem alimvuta kando. "Bangili zako zote kwa chuma hiki kilichobambuka? Hata kishikio hakina!"

"Kishikio nitachonga. Meno ya chuma nitayachonga wapi?"

Akalipa. Kama hapa ndipo hadithi ingeishia, ingekuwa raha. Lakini Mwanarehema alikuwa mtu wa pwani, na mtu wa pwani ukimpa chombo kipya hukitumia kwa mazoea ya kile cha zamani. Alifika nyumbani, akaifunga mashine mezani, na kesho yake akaanza na kahawa ya barza, maana barza ndio wengi. Na tangu mama yake, na tangu bibi yake, kahawa ya barza huingia kinuni pamoja na tangawizi yake na iliki yake, vikapondwa vyote mara moja vikajuana. Basi akavitia vyote mashineni. Ah! Nani angemkataza?

Tangawizi ina nyuzi. Kinu hakijali nyuzi; mashine hujali. Meno yakazikamata, yakajizungushia, iliki ikatoa mafuta yake, unga ukagandia humo kama ugali chini ya chungu. Alipoona mkono mzito akadhani ndivyo upya ulivyo, akakaza moyo, akamaliza. Kisha akasaga ya mesi. Kisha ya Sheikh. Akazifunga, akazipeleka, akarudi nyumbani akiimba.

Jioni ile ile Gershom alirudi na kifurushi. "Bi Mwanarehema, mkubwa wangu ameniuliza nani ana mafua. Anasema amepewa dawa." Hakucheka, na alipoondoka hakusema atarudi. Kifurushi cha Sheikh Awadh kililetwa na mtumishi, kimya kimya kama kawaida. Ndani ya chenga za manjano mlikuwa na vumbi jeusi, linanuka tangawizi. Barza nao walisema kahawa ina nyuzi zinazoshika kwenye meno. Wateja watatu, siku moja. Na Salem, ambaye sijui nani humpelekea habari Mishomoroni, akafika asubuhi.

"Ya shaba ingalikuwa bora," akasema.

"Ya shaba ingalikuwa imekufa."

"Mwezi utaandama juma lijalo, shemeji. Anza kukunja vitu."

Alipokwenda, Mwanarehema alikaa mkekani akaitazama ile mashine, na akaichukia. Alizikumbuka bangili zake, za arusi yake, akalia kwa sauti mpaka akachoka. Kisha akajifuta uso kwa leso, akachukua kisu, akaanza kufungua skrubu.

Alitoa kila kipande. Akavipanga juu ya mkeka kwa jinsi vilivyotoka, ili avirudishe kwa jinsi hiyo hiyo. Alipofika kwenye meno akaziona nyuzi zenyewe, zimejisokota baina ya chuma na chuma, na akaelewa. "Kumbe ni mimi," akasema peke yake. "Wewe maskini huna kosa." Hakuthubutu kutia maji, kwa kutu. Alizing'oa nyuzi kwa sindano, akasugua mafuta kwa kumbi kavu la nazi, akasugua tena, akanusa, akasugua mpaka chuma kikanuka chuma tu.

Tokea siku ile akaweka sheria zake. Mashine ni ya kahawa, kitu kingine hakiingii hata mtu akilia. Tangawizi na iliki hupondwa kwenye kinu kidogo cha viungo, yeye ameketi, mkono uko chini. Viungo hukutana na kahawa nje, kwenye sinia. Na kila asubuhi huanza na hafifu ya Sheikh, iwe safi, ikafuata ya mesi, nyeusi ikaja mwisho wa yote, kisha kumbi la nazi hupita. Akatia alama tatu kwenye skrubu ya meno kwa ncha ya msumari, asibahatishe. Kishikio alichonga mwenyewe kutoka kipande cha mwembe.

Kahawa alisaga, lakini nani angeipokea? Akaenda mwenyewe. Barzani alipeleka dele la kahawa limeshachemka, akaliweka katikati ya wazee, akasema, "Hii ni bure. Mkisema mbaya, sitarudi tena." Mesini alisimama mlango wa jikoni mpaka Gershom akatia kahawa kwenye birika mbele ya macho yake na kumimina kikombe, wakakitazama pamoja, hakuna matope, Gershom akanusa, akanusa tena kutafuta dawa ya mafua, akacheka. Kwa Sheikh Awadh alipiga magoti ukumbini, akaeleza kosa lake lote bila kulipunguza. Sheikh akamsikiliza, akanywa finjani moja, akanyoosha mkono atiliwe ya pili. Neno hakusema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mwezi ukaandama. Salem akaja, kama alivyoambiwa, na karani wa reli pamoja naye, kijana mpole aitwaye Nguma. Lakini kabla ya kuja Salem alikuwa ameswali Mtongwe, amekaa barzani, amekunywa, na amesikia wazee wakiisifu kahawa. Kwa hiyo alipofika ukumbini alikohoa, akamwambia Nguma, "Samahani, bwana karani, nimekusumbua bure. Nyumba nimemwachia shemeji yangu. Nimemruhusu akae."

Mwanarehema alifurahi. Ameshinda! Alitaka kusema ahsante, na ahsante ilikuwa imefika mdomoni, lakini lile neno "nimemruhusu" likamzuia.

"Mpaka lini, shemeji?"

"Eh?"

"Umeniruhusu mpaka lini?"

Salem akatazama dari. "Mpaka... Tutaona mambo yatakavyokwenda."

"Bega likiniuma tena, tutaona. Mesi ikihama, tutaona." Akamgeukia Nguma. "Mwanangu, mlipatana kodi gani?"

Nguma, hana hili wala lile, akaitaja.

"Nitalipa mimi hiyo hiyo. Kila mwezi ukiandama, na ya kwanza hii hapa, chukua."

"Astaghfirullah!" Salem aliruka. "Nimtoze kodi mjane wa ndugu yangu? Watu watasema nini?"

"Walisema nini ulipotaka kunikunjisha vitu?" Akazisogeza fedha mbele yake. "Sikiza, Salem. Mjane wa nduguyo waweza kumwambia kesho, inuka, twende. Mpangaji anayelipa huwezi. Sitaki ruhusa yako, nataka nyumba. Bwana Nguma amesikia, yeye ni shahidi."

"Nimesikia," akasema Nguma. Kijana yule alikuwa amepoteza nyumba, na bado alisema kwa sauti ya kutosha.

Salem alimtazama Nguma, akamtazama shemeji yake. Mwishowe akazipokea zile fedha kama mtu apokeaye kaa la moto, akazitia mfukoni, akatoka na Nguma bila kuaga.

Hakufika mbali. Alikuwa amesahau mwavuli wake ndani, umeegemezwa ukutani. Tangu Mbarak azikwe, Salem alizoea kuingia nyumba ile moja kwa moja, viatu na vyote, mpaka jikoni. Siku hiyo Mwanarehema alisikia hatua zake zikirudi, zikafika mlangoni, zikasimama pale nje.

"Hodi," akasema Salem.

Mwanarehema alinyamaza, aisikie tena.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," akajibu mwenye nyumba.